Joseph Thomson, mwanajiolojia wa Seyyid Barghash

Katika mwaka 1881 Seyyid Barghash bin Said, mtawala wa Zanzibar, alimwajiri kijana mmoja wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 23 ili amtafutie makaa ya mawe katika bonde la mto Ruvuma. Kijana huyo alikwenda, akaitazama miamba, akarudi Unguja na kutoa taarifa ambayo tajiri wake hakupenda kuisikia. Jina lake lilikuwa Joseph Thomson. Watanzania wengi humtaja pasipo kumfahamu, kwa maana yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye hutembea kwa makundi katika mbuga za Serengeti na ambaye sisi humwita swala tomi, amelipata jina hilo kutoka kwake.

Tunayasimulia maisha yake katika ukurasa huu kwa sababu ya vijana wetu. Huu ni wakati ambapo wahitimu wa sekondari wa Wete, Chake Chake na Mkoani, Wakristo kwa Waislamu, hukaa na wazazi wao kuchagua masomo ya chuo. Udaktari wanaujua, ualimu wanaujua, sheria na uhasibu wanavijua. Lakini anapotajiwa masomo ya sayansi za dunia, yaani jiolojia na yale yanayoambatana nayo, mzazi wa kisiwani huuliza swali la haki kabisa: mtu aliyesomea mawe atakula nini? Thomson alisomea mawe, akala kwa mawe, na ajira yake ya kwanza baada ya safari iliyompatia jina ilikuwa hapa hapa Zanzibar. Ifahamike mapema kwamba hakuwa Mkatoliki, na haya si maisha ya mtakatifu. Ni maisha ya mtu mwenye kipaji, aliyekitumia vema mara nyingi na vibaya mara kadhaa, akafa mapema.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa fundi mwashi aliyejiendeleza hadi akawa na machimbo yake mwenyewe ya mawe ya kujengea, mahali paitwapo Gatelawbridge. Basi mtoto Joseph alikua akiona jiwe likikatwa kila siku. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika machimbo hayo, na huko ndiko alikoanza kujiuliza maswali ambayo vibarua wenzake hawakuwa na nafasi ya kujiuliza: kwa nini jiwe hili ni jekundu na lile ni la kijivu, kwa nini tabaka moja limelala na jingine limeinama, na alama hizi za viumbe ndani ya mwamba ziliingiaje. Alisoma pia habari za safari za David Livingstone, mzalendo mwenzake, na tangu utotoni moyo wake ulielekea Afrika.

Baba hakumzuia. Mwaka 1875 kijana akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, akafundishwa na Archibald Geikie, mmoja wa wanajiolojia mashuhuri wa zama zile. Mafundisho ya Geikie hayakuishia darasani. Aliwapeleka wanafunzi mlimani na pwani, wakiwa na nyundo, dira na daftari, wakapima mwelekeo wa matabaka, wakachora ramani, wakajifunza kuusoma mwamba kama mtu asomavyo kitabu kilichoraruka: kurasa nyingine zimekosekana, nyingine zimepinduliwa, lakini mwenye subira huupata mfululizo wa habari. Kimsingi namna hiyo ya kufundisha haijabadilika hata leo. Mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Dodoma bado hutumwa porini na nyundo na dira, ingawa siku hizi huongezewa vyombo vya setilaiti na kompyuta.

Thomson alihitimu mwaka 1878 akiwa na sifa za juu katika jiolojia. Alikuwa na umri wa miaka 20, na hakuwa na kazi. Hapo ndipo aliposikia kwamba Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kinaandaa msafara wa kwenda kwenye maziwa makuu ya Afrika ukiongozwa na mchoraji ramani Alexander Keith Johnston. Aliandika barua ya kujitolea, akionyesha kwamba angekuwa tayari kwenda hata bila mshahara. Wakamchukua awe mwanajiolojia wa msafara. Kijana wa leo anayelalamika kwamba waajiri wote wanataka mwenye uzoefu atatambua kwamba mlango huo ulikuwa mwembamba hata wakati ule, na kwamba Thomson aliupita kwa kukubali kuanzia chini.

Walifika Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1879. Mji ulikuwa na ubalozi wa Uingereza chini ya Dokta John Kirk, forodha yenye shughuli nyingi, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na misheni ya Mababa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kuweka makao yao Unguja na, tangu 1868, Bagamoyo. Hapa Thomson alianza kujifunza Kiswahili. Hapa pia walimpata mtu ambaye bila yeye msafara usingefika popote: Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, ambaye alikuwa mmoja wa wale waliousafirisha mwili wa Livingstone kutoka ndani ya bara hadi pwani. Chuma alizijua njia, lugha na tabia za wapagazi. Vitabu vya Ulaya huandika kwamba Thomson aliongoza msafara. Kwa mizani ya haki tungesema waliuongoza wawili.

Mwezi Mei 1879 waliondoka pwani ya Dar es Salaam wakiwa na wapagazi wapatao 150. Kabla ya wiki sita kutimia, Johnston aliugua kuhara damu, na tarehe 28 Juni akafariki mahali paitwapo Behobeho, katika nchi ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Thomson akabaki kijana wa miaka 21 katikati ya pori, yeye mwenyewe akiwa na homa, akiongoza watu wengi waliomzidi umri na uzoefu. Kurudi pwani kusingekuwa aibu. Aliamua kuendelea. Wakapita Mahenge na Uhehe, wakafika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwezi Septemba, wakavuka nyanda za juu hadi Ziwa Tanganyika mwezi Novemba.

Katika Ziwa Tanganyika lilikuwapo shauri lililowagawanya wanajiografia wa Ulaya. Ziwa lile hupokea mito mingi. Je, maji yake hutoka wapi? Mwingereza Cameron, aliyepita mwaka 1874, alisema hutoka kwa mto Lukuga upande wa magharibi. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta mlango wa Lukuga umejaa mchanga na majani, naye akakataa kwamba maji yanatoka wakati ule. Thomson alifika Lukuga wakati wa Noeli ya mwaka 1879, akaukuta mto unatiririka kwa nguvu kuelekea Kongo. Wala hakumwita yeyote kati ya wale wawili mwongo. Alitambua kwamba usawa wa ziwa hupanda na kushuka. Miaka ya ukame mlango huziba, mvua ikizidi maji hulivunja boma la mchanga na kutoka. Yaani watu wawili wanaweza kusimama mahali pamoja kwa miaka tofauti, wakaona mambo yanayopingana, na wote wawili wakawa wameona kweli. Wakazi wa Kigoma na Ujiji ambao katika miaka ya karibuni wameona ziwa likipanda na kuvamia nyumba zao wanaijua habari hiyo kwa uchungu kuliko sisi.

Alirudi pwani kwa njia ya Tabora na kutokea Bagamoyo mwezi Julai 1880. Sifa aliyojivunia maisha yake yote ilikuwa kwamba alipita kwa watu wengi bila kupigana nao. Alipodaiwa hongo alijadiliana na kulipa. Alipokataliwa njia alizunguka. Tukikumbuka jinsi misafara mingine ya zama zile ilivyoacha damu njiani, hilo si jambo dogo.

Tunafika sasa katika ile ajira ya Zanzibar, ambayo kwetu sisi ndiyo kiini cha habari hii.

Ili kuielewa haja ya Seyyid Barghash ni lazima tukumbuke hali ya nchi yake. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikawa mama wa karafuu. Mwaka uliofuata, 1873, Waingereza walimlazimisha Barghash kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa mjini. Biashara hiyo ilikuwa dhambi kubwa, nasi tunamshukuru Mungu kwamba ilifungwa. Hata hivyo hazina ya mtawala ilitetereka, naye akahitaji mapato mapya. Tena alikuwa akinunua meli za moshi, na meli za moshi hula makaa ya mawe, na makaa yenyewe yalipaswa kuletwa kwa bahari kutoka mbali kwa gharama kubwa. Tangu safari za Livingstone habari zilikuwa zimeenea kwamba bonde la Ruvuma lina makaa. Mtu anaweza kuwazia matumaini ya mtawala: makaa yake mwenyewe, katika pwani anayoitawala, ya kuendeshea meli zake na kuwauzia wengine.

Thomson aliondoka Mikindani katikati ya mwaka 1881 akapanda na bonde la Ruvuma kuelekea makutano yake na mto Lugenda, mahali palipotajwa. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutenda. Makaa ya mawe ni mabaki ya misitu na vinamasi vya kale sana, vilivyofunikwa na mchanga na tope, vikakandamizwa na kupata joto kwa muda usiohesabika hadi vikawa mwamba mweusi unaowaka. Kwa hiyo mtafutaji hawindi jiwe jeusi tu. Hutazama kwanza kama matabaka ya mahali pale ni ya aina na umri unaoweza kubeba makaa. Hufuata kingo za mito, kwa kuwa mto hukata ardhi na kuonyesha kilichomo ndani. Hupima unene wa tabaka. Mwishowe hulichoma jiwe aone. Thomson alifanya hayo yote. Alichokikuta ni mwamba laini wa tope lililoganda, mweusi, wenye lami kiasi ndani yake. Kwa macho ya mpita njia ungefanana na makaa. Lakini haukuwa makaa, na tanuri la meli lisingeweza kuendeshwa nao.

Hebu tumtafakari kijana huyu akirudi Unguja. Hakuwa tajiri. Aliyemwajiri alikuwa mwenye nchi, mwenye fedha, na mwenye hamu kubwa ya kusikia ndiyo. Zilikuwapo njia nyingi za kusema uongo pasipo kutamka uongo: angeweza kuandika kwamba dalili zipo, kwamba uchunguzi zaidi unahitajika, kwamba apewe mwaka mwingine na wapagazi wengine. Hakuna mtu Unguja ambaye angeweza kumpinga, maana hapakuwa na mwanajiolojia mwingine. Alisema hakuna makaa. Barghash alikasirishwa na kuvunjwa moyo, na kijana hakudumu katika utumishi wake. Baada ya muda mfupi alikuwa njiani kurudi kwao.

Historia ina utani wake. Makaa ya mawe katika kusini mwa Tanzania yapo, na yapo mengi, lakini yako mbali magharibi, karibu na Ziwa Nyasa: katika Mkoa wa Ruvuma leo huchimbwa Ngaka, wilayani Mbinga. Thomson hakusema kwamba nchi nzima haina makaa. Alisema kwamba pale alipotumwa hayapo, na hilo lilikuwa kweli. Mwanajiolojia mwaminifu huongea juu ya mahali alipopakanyaga na huweka mpaka wa maneno yake hapo.

Safari yake mashuhuri zaidi ilifuata mwaka 1883. Chama cha Jiografia kilimtuma atafute njia kutoka pwani ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria kwa kupita katikati ya nchi ya Wamasai, ambayo misafara ya Wazungu ilikuwa haijaivuka. Habari zake nyingi zinajulikana, nasi tutazipitia upesi. Alipanda Kilimanjaro hadi sehemu za msitu akarudi. Alirudishwa nyuma mara moja na hali ya hatari. Aliungana na msafara wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta, ambaye alizijua njia za Umasai tangu zamani. Alipita Naivasha, akapanda mlima Longonot na kuchungulia shimo la volkeno yake. Akaiona Mlima Kenya kwa mbali, akaona maporomoko ya Nyahururu ambayo kwa miaka mingi yaliitwa kwa jina lake, akafika Baringo, na mwezi Desemba 1883 akafika ufuo wa Ziwa Viktoria. Siku ya mwisho ya mwaka huo nyati alimrusha kwa pembe. Alibebwa machelani, kisha akapatwa na kuhara damu, akalala wiki nyingi kati ya uhai na kifo. Mwaka 1884 akafika tena pwani. Chama kilimpa medali yake ya dhahabu mwaka 1885, naye alikuwa na miaka 27.

Katika safari hiyo kuna jambo moja ambalo sisi hatutalisifu. Ili kuwaogofya Wamasai alijifanya mganga mkuu: alitia chumvi ya kutoa povu majini, na aliyachomoa meno yake ya bandia na kuyarudisha mbele yao. Yeye mwenyewe aliisimulia habari hiyo kwa kuchekesha, na wasomaji wa Ulaya walicheka. Mtu aliyekataa kumdanganya Sultani juu ya jiwe aliona si vibaya kuwadanganya wafugaji juu ya mwili wake. Labda aliona kwamba jiwe ni elimu, na elimu haichezewi, ilhali watu wale hawakuwa na haki ya kweli yake. Hapo alikosea.

Kwa upande wa elimu, hata hivyo, aliyoyaona yalikuwa na uzito. Alieleza jinsi ardhi ilivyoshuka kwa ghafla kutoka ukingoni na kuacha bonde refu, pana, lenye volkeno na maziwa ya magadi. Maelezo yake na ya waliomfuata yalimvuta mwanajiolojia mwingine, John Walter Gregory, aliyekwenda Baringo mwaka 1893 na kuonyesha kwamba bonde lile halikuchongwa na mto. Ardhi yenyewe ilikuwa imepasuka na kipande cha katikati kikazama kati ya nyufa mbili. Gregory ndiye aliyelieneza jina la Bonde Kuu la Ufa, na kitabu chake kilitoka mwaka 1896.

Miaka iliyobakia ya Thomson inasomeka kwa huzuni. Umaarufu ulimfikisha mikononi mwa makampuni. Mwaka 1885 kampuni ya George Goldie ilimtuma Sokoto na Gwandu, katika nchi ambayo leo ni Naijeria, akarudi na mikataba. Ni haki kuongeza kwamba kutoka huko alirudi akiikemea hadharani biashara ya pombe kali ambayo Wazungu waliimwaga pwani ya Afrika Magharibi, na akaandika kwa heshima juu ya nidhamu aliyoiona katika jamii za Kiislamu za bara, jambo lililowaudhi wengi kwao. Mwaka 1888 alikwenda milima ya Atlas huko Morocco kwa ajili ya elimu tu. Kisha mwaka 1890 aliingia katika utumishi wa kampuni ya Cecil Rhodes.

Rhodes alitaka Katanga, kwa sababu ya shaba yake. Thomson alitumwa kwa Mfalme Msiri ili apate mkataba. Ndui iliingia kati ya wapagazi, vijiji vikamfungia njia kwa hofu ya ugonjwa, naye hakufika kwa Msiri. Lakini katika nchi ambayo leo ni Zambia alipata alama za machifu kadhaa kwenye karatasi zilizoipa kampuni haki juu ya ardhi na madini yao. Machifu hao hawakuweza kusoma yaliyoandikwa. Thomson aliweza. Tena, kwa elimu yake, alijua kuliko mtu yeyote aliyekuwapo pale thamani ya kile kilichokuwa chini ya miguu yao. Miaka tisa kabla ya hapo alikuwa amemwambia mtawala wa Kiafrika ukweli mchungu juu ya ardhi yake na kupoteza kazi. Sasa alikaa mbele ya watawala wa Kiafrika akiwa na kazi, na ukweli akaubakiza mfukoni. Elimu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani aliyelipa, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuuliza.

Kutoka safari hiyo alirudi mgonjwa, wala hakupona tena. Alijaribu hewa ya nchi za joto, akapata nafuu kidogo, akaanguka tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895 akiwa na umri wa miaka 37, bila mke wala mtoto, na akazikwa karibu na Thornhill, si mbali na machimbo ya baba yake.

Kazi aliyoianza katika mwambao huu iliendelezwa na wengine. Mwaka 1925 serikali ya Tanganyika iliunda idara ya upimaji wa jiolojia, ikiwa na makao Dodoma chini ya Edmund Teale. Idara hiyo ndiyo babu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyopo leo. Katika miaka hiyohiyo mwanajiolojia G. M. Stockley alizunguka Unguja na Pemba, na taarifa yake juu ya jiolojia ya visiwa ilichapishwa mwaka 1928. Matabaka ya Pemba aliyapa majina ya miji yetu, yakiwamo ya Wete na Chake Chake. Stockley huyohuyo baadaye alikwenda bara kuchunguza makaa ya mawe ya Ruhuhu, upande ule wa Ziwa Nyasa ambao Thomson hakutumwa kuutazama.

Kwa elimu hiyo tunafahamu mambo ambayo babu zetu waliyaona bila kuyapatia sababu. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, ndiyo maana bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 wakati wa enzi ya barafu, miaka ipatayo 20,000 iliyopita, Unguja iliungana na bara, na wanyama kama chui wakavuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Pemba ilibaki kisiwa, haikupata chui, ikamlea popo wake mkubwa asiyepatikana penginepo duniani. Udongo mzito wa vilima vyetu, uliopendwa na mikarafuu, na jiwe la matumbawe la kingo za pwani, ambamo maji ya mvua huzama haraka, vina historia tofauti. Na mchimba kisima asiyeijua historia hiyo huwapatia watu maji ya chumvi. Katika mabonde ya mpunga, maji ya bahari yanaingia mashambani. Ni nani atakayepima yanaingilia wapi, kwa kasi gani, na tuta lijengwe mahali gani? Kazi hizo ni za mwanajiolojia na mwenzake mtaalamu wa maji ya ardhini, na hazihitaji mtu ahamie Mwanza au Geita kwenye dhahabu, ingawa huko nako nafasi zipo, kama zilivyo katika jotoardhi, matetemeko, ramani, barabara na madaraja, ambayo hayajengwi kabla udongo haujapimwa.

Anayeitaka njia hii aanze mapema. Fizikia, kemia, hisabati na jiografia ndizo nguzo, na mwenye kuikimbia hisabati kidato cha pili ataukuta mlango umefungwa kidato cha sita. Wasichana wasidanganywe kwamba nyundo ni ya wanaume.

Yapo pia mafuta. Tundaua, hapa Pemba, dalili za mafuta kujitokeza juu ya ardhi zimejulikana tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba kisima kirefu kisiwani, wala hawakupata mafuta ya kufaa biashara. Sheria ya Zanzibar ya mafuta na gesi asilia ilipitishwa mwaka 2016, na mwezi Oktoba 2018 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa ajili ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Barazani na sokoni kila mtu ana jibu lake: wengine wamekwisha kuhesabu utajiri, wengine wamekwisha kuukana. Mitetemo inayopimwa baharini hutoa picha za matabaka yaliyo maelfu ya mita chini ya sakafu ya bahari, na picha hizo hazijisomi zenyewe. Mtu lazima akae nazo mezani, azifasiri, kisha aandike taarifa na kutia jina lake chini. Waajiri watakuwa na hamu, wanasiasa watakuwa na hamu, na wavuvi wa Kojani na Makoongwe wataishi na matokeo ya alichoandika. Msomaji wa picha hizo anaweza kuwa wakati huu yumo kidato cha nne, Wete au Chake Chake, akihangaika na hesabu zake.